Fahamu, Elewa na Kuwa na Habari: Uchunguzi wa Matumizi, pamoja na Mfano wa Bonde la Kilombero

Yamkini hapana usemi wa Kiingereza uliotafsiriwa kwa namna nyingi katika taarifa za Kiswahili kama ule usemao “raise awareness”. Mwandishi mmoja huandika kuongeza uelewa, mwingine kukuza ufahamu, wa tatu kujenga mwamko. Wengine husema kuhamasisha wananchi, na wengine hutosheka na kutoa elimu. Msomaji wa haraka atadhani ya kuwa maneno hayo yote ni mamoja na kwamba mtu aweza kuchagua lolote kama achaguavyo kalamu. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba si mamoja, kwamba kila moja lina historia yake, na kwamba katika bonde la Kilombero, ambako afya ya watoto ilitegemea sana jinsi maneno yalivyotumiwa, tofauti hiyo ilikuwa na uzito usiokuwa wa kamusi peke yake.

Yafaa kwanza kuuangalia usemi wenyewe katika lugha yake. Kwa Kiingereza neno hilo hutaja hali ya mtu kuwa na habari kwamba jambo fulani lipo. Halidai zaidi ya hapo. Mtu aweza kuwa na habari ya sheria asiielewe hata kifungu kimoja. Aweza kuwa na habari ya ugonjwa asijue sababu yake wala dawa yake. Nahau ya Kiingereza hulifuatisha neno hilo ama kwa jina la kitu ama kwa sentensi nzima, na Kiswahili chafanya vivyo hivyo bila taabu yoyote: nina habari ya jambo hili, nina habari kwamba mto umejaa. Ukanushi wake, sina habari, husikika kila siku kutoka Lamu hata Kigoma, wala hapana mtu aliyepata kuuliza maana yake. Basi tafsiri iliyo karibu kabisa tulikuwa nayo tangu zamani. Kilichoiondoa katika lugha ya ofisi, kwa maoni yangu, ni mambo mawili. Redio na magazeti yalilifanya neno habari kuwa jina la matangazo. Na tena usemi hana habari ulipata maana ya pili, ya mtu asiyejali. Ukisema fulani hana habari nasi, humshtaki kwa kutojua, bali kwa kutotujali. Mwandishi wa ripoti aliogopa kuandika kwamba wananchi hawana habari, wasije wakasema amewatukana. Akaandika kwamba wana uelewa mdogo, asione ya kuwa tusi hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Neno fahamu latokana na Kiarabu, na katika Kiswahili cha mwambao lilikuwa na maana pana. Kamusi za zamani, pamoja na ile ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939, zaonyesha kwamba kufahamu ni kujua na kutambua, na tena ni kukumbuka. Mzee wa pwani akisema simfahamu baba yake, huenda akawa na maana kwamba hamkumbuki, si kwamba hakupata kumjua. Maana hiyo ya kukumbuka imefifia katika lugha ya bara. Badala yake fahamu kama jina imeshika mahali pengine: hali ya mtu kuwa macho na hisi zake. Mgonjwa hupoteza fahamu, na akipona husemwa fahamu zimemrudia. Shuleni nako ufahamu umekuwa jina la zoezi: kifungu cha habari chenye maswali chini yake. Kwa hiyo neno ufahamu lifikapo masikioni mwa Mtanzania aliyesoma shule ya msingi, humletea picha mbili, kitanda cha hospitali na karatasi ya mtihani, kabla ya kumletea ile maana aliyoikusudia mwandishi wa kampeni.

Neno elewa ndilo lenye historia ya kupendeza kuliko yote, nami nitakaa hapo kidogo. Asili yake ni kitenzi elea. Chombo huelea majini, gogo huelea, na mtu mwenye kichefuchefu husema moyo wamwelea. Kutoka kwenye picha hiyo ya kitu kilicho juu ya maji, kisichozama, kionekanacho na kila mtu, ilizaliwa maana ya kuwa wazi. Watu wa zamani walisema maneno yako yamenielea, yaani yako wazi kwangu, nayaona. Katika muundo huo maneno ndiyo kiima cha sentensi. Msikilizaji ni mtendewa tu. Ndipo kitenzi kikapata matawi mawili. Tawi la kwanza ni eleza, yaani kulifanya jambo lielee. Tawi la pili ni elewa, ambalo kwa umbo ni kauli ya kutendwa: aliyeelewa ni mtu aliyefikiwa na jambo lililo wazi.

Mtaalamu wa sarufi ataona mara moja matokeo yake. Kwa mujibu wa umbo la neno, hapana kuelewa pasipo jambo kuelea, na mara nyingi jambo haliwi wazi mpaka pawe na mtu aliyelieleza. Kazi iko kwa msemaji. Lakini matumizi ya leo yamegeuza mambo: elewa limekuwa kitenzi cha kutenda, chenye yambwa yake, tukasema nimelielewa somo, naye asiyeelewa akawa ndiye mwenye upungufu. Sisemi kwamba mageuzi hayo ni kosa. Lugha hai hubadilika, na atakayejaribu kuwarudisha watu kwenye yamenielea atachekwa. Nasema tu kwamba katika jina uelewa, lililochipuka kutokana na matumizi hayo mapya, ule upande wa eleza umepotea kabisa. Panaposemwa uelewa wa wananchi ni mdogo, hapana aulizaye nani aliwaeleza, na kwa maneno gani.

Kuhusu umbo lake, wako waandikao welewa na wako waandikao uelewa. Wa kwanza hufuata mfano wa werevu na wepesi, ambamo kiambishi u hugeuka w mbele ya irabu. Wa pili hufuata mfano wa uendeshaji na uenezi, ambamo u imebaki. Kenya hupendelea la kwanza na Tanzania la pili, wala sioni sababu ya kugombana.

Kuhamasisha nako si tafsiri halisi. Hamasa ni ari na moto wa moyo. Mtu aliyehamasishwa yuko tayari kuondoka, ajue aendako au asijue. Mwamko, lililopendwa sana katika siasa za miaka ya uhuru na ya Ujamaa, latokana na amka, na ndugu zake ni zinduka na tanabahi, ambalo sasa hupatikana zaidi katika tenzi kuliko katika mazungumzo. Maneno hayo yote hudai kwamba mtu alikuwa amelala. Pengine alikuwa amelala kweli. Lakini pengine alikuwa macho akitazama upande mwingine, na jambo hilo latupeleka Ifakara.

Ifakara iko katika bonde la mto Kilombero, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza ya wenyeji wa asili. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wa mtoni walikuwa na lugha zao, na wageni waliofuata mpunga, kiwanda cha sukari na reli ya TAZARA walikuja na zao. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya shule, ya misheni na ya hospitali. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapo maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, karibu na hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1961 kikafunguliwa chuo cha kuwafundisha watumishi wa afya. Maabara hiyo ilikua, ikabadili jina na usimamizi mara kadhaa, na tangu mwaka 2008 yajulikana kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Katika karne nzima ya ishirini malaria ilikuwa adui mkuu wa watoto wa bonde hilo. Wakati wa kilimo cha mpunga jamaa nyingi huhamia mashambani, zikalala katika vibanda na madungu palipo na mbu wengi, mbali na zahanati.

Mwaka 1996 ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga mradi wa kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa kwa njia ya kuviuza kwa bei nafuu. Kabla ya kuandika bango hata moja, watafiti wa mradi waliwauliza watu wanaijua vipi malaria, na kwa majina gani. Matokeo yao, yaliyochapishwa na H. Minja na wenzake mwaka 2001, yafaa kusomwa na kila mtu ashughulikaye na tafsiri. Watu walikuwa na habari ya malaria. Walijua pia kwamba huletwa na mbu. Ila malaria waliyoitaja ilikuwa ile homa ya kawaida. Ugonjwa uliowaua watoto kwa mtukutiko wa mwili, macho kugeuka juu na kupoteza fahamu ulikuwa na jina jingine, degedege, na degedege haikuunganishwa na mbu.

Wataalamu wengine walikuwa wameona jambo hilo hilo katika wilaya ya Bagamoyo, wakalichapisha mwaka 1996: hospitali ilikuwa na neno moja mahali ambapo watu walikuwa na mawili. Neno degedege laelekea kuwa na uhusiano na ndege, na katika sehemu nyingi za nchi ugonjwa huo ulidhaniwa kuletwa na kiumbe arukaye usiku au na pepo. Ilifuata kwamba mahali pa kumpeleka mtoto kwanza palikuwa kwa mganga; na katika sehemu kadhaa za Tanzania wazazi waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Mtu mwenye mawazo hayo hakuwa mjinga wa malaria. Ukimwuliza, je, una habari ya malaria, atajibu ndiyo, na atajibu kweli. Ukimwambia malaria huua, atakubali. Usiku mwanawe akishikwa na degedege hatayakumbuka maneno yako hata kidogo, kwa sababu hukumwambia lolote juu ya degedege.

Hapa ndipo usemi kuongeza uelewa kuhusu malaria ulipokuwa hauna msaada. Ulidhani kuna chombo kimoja kilichojaa nusu, kinachongoja kuongezwa maji. Kumbe vilikuwa vyombo viwili, na kimoja kilikuwa kimejaa tangu zamani. Zaidi ya hayo, sarufi yenyewe ya jina hilo ilisaidia kuficha tatizo. Kihusishi cha -a hakitaji wazi nani atendaye na nani atendewaye: ufahamu wa mama ni ule alio nao mama, lakini ufahamu wa malaria ni upi? Kwa kanuni waweza kuwa ufahamu ilio nao malaria yenyewe! Ndiyo maana waandishi waangalifu husema kuhusu malaria au juu ya malaria. Hata hivyo bado hatujaambiwa ni jambo gani hasa kuhusu malaria, wala nani ajue. Kitenzi hakiruhusu uzembe huo. Ukianza kusema mama ajue kwamba, huna budi kumaliza sentensi, na hapo ndipo utakapogundua kama una jambo la kusema.

Chandarua na dawa za mradi huo ziliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Jina hilo ni kitenzi cha amri na yambwa yake, maneno mawili ambayo mtoto wa darasa la kwanza ayafahamu. Halikumtaka mnunuzi kwanza akubaliane na hospitali juu ya jina la ugonjwa. Mbu anamjua kila mtu, na kero ya mbu usiku haina haja ya kuelezwa. Aliyelala ndani ya chandarua kwa ajili ya usingizi mwema amekingwa na malaria na degedege pamoja. Uhusiano wa magonjwa hayo mawili ulielezwa katika mafunzo, kwa majina yake yote mawili. Tathmini iliyotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2001 ilionyesha kwamba uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 kwa wale waliotumia vyandarua vyenye dawa. Sidai kwamba jina ndilo lililookoa watoto. Dawa ndiyo iliyowaokoa. Lakini dawa haina faida ikikaa dukani.

Nisieleweke kwamba tatizo lilikuwa la majina tu, na kwamba likirekebishwa kila kitu kitanyooka. Uchunguzi mwingine uliofanywa Ifakara yenyewe, na kuchapishwa mwaka 1998 na Muela na wenzake, ulionyesha jambo gumu zaidi. Watu waliohojiwa waliyajua mafundisho ya hospitali juu ya malaria, mbu na vijidudu, tena waliyajua vizuri. Na kwa ujuzi huo huo walieleza kwamba mchawi aweza kuvificha vijidudu visionekane katika darubini, au kuleta ugonjwa ufananao na malaria usiokuwa malaria. Mgonjwa atarudi hospitali mara kwa mara bila kupona mpaka uchawi uondolewe kwanza. Mafundisho hayakukataliwa, yalipokewa, yakawekwa pamoja na mengine yaliyokuwamo nyumbani. Kwa vipimo vya ripoti, ufahamu wa watu hao ulikuwa wa juu. Tungesema nini zaidi? Kiswahili kinalo neno kwa hali hiyo, nalo ni kuelewana, kauli ya kutendana, ambamo pande mbili huelezana na kila mmoja hufikiwa na maneno ya mwenziwe. Ni ajabu kwamba maelewano tumeyaachia wanasiasa na watu wa ndoa, hali zahanati ilikuwa na haja nayo kuliko wote.

Upo ushahidi mwingine wa upendeleo wa Kiswahili kwa kitenzi na sentensi. Tukitazama kampeni kubwa za elimu kwa redio zilizoendeshwa Tanzania katika miaka ya 1970, twakuta majina haya: Kupanga ni Kuchagua, mwaka 1970, Mtu ni Afya, mwaka 1973, Chakula ni Uhai, mwaka 1975. Kila moja ni sentensi kamili, yenye kudai jambo ambalo msikilizaji aweza kulikubali au kulibishia. Katika vikundi vya kusikiliza redio watu walibishana kweli. Kampeni ya malaria iliyozinduliwa mwaka 2010 iliitwa Zinduka! Malaria Haikubaliki, hapo tena kuna amri na sentensi. Waliopaswa kusema na umma kwa sauti hawakuchagua uelewa wala ufahamu. Majina hayo ya dhahania hustawi mahali pengine, katika maombi ya fedha na katika ripoti za robo mwaka, ambako msomaji ni mfadhili na sentensi ilifikiriwa kwa Kiingereza kabla ya kuandikwa.

Jambo la mwisho lahusu ridhaa. Bonde la Kilombero limekuwa uwanja wa majaribio mengi ya dawa na chanjo. Watoto wa kijiji cha Idete, kwa mfano, walishiriki katika jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1994. Katika kazi za namna hiyo mzazi hutakiwa kuridhia baada ya kuelezwa, na karatasi huwa na maneno kama nimesoma na nimeelewa. Hapo kila neno nililolijadili lina uzito wa kisheria. Nimepata habari, nimefahamu na nimeelewa ni madai matatu tofauti. La kwanza aweza kulisema yeyote aliyesikia. La tatu, kwa asili yake, ladai kwamba kuna mtu aliyeeleza mpaka jambo likaelea. Kwa hiyo napendekeza karatasi hizo zirudishe mtendaji mahali pake: nimeelezwa na fulani, kwa lugha ninayoijua, mambo haya na haya, nami nimeyaelewa. Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini mwelezaji amefungwa ndani yake pamoja na mwelezwaji.

Na kwa waandikao mabango, chukua sentensi ya kawaida kama hii: lengo ni kuongeza uelewa wa akina mama kuhusu dalili za malaria kali. Ukitaka kuiandika kwa namna itakayomfaa mama aliye shambani ng'ambo ya mto, huna budi kwanza kujua yeye huiitaje hiyo malaria kali. Kisha waweza kuandika: degedege huweza kuletwa na malaria, na malaria huletwa na mbu, mtoto mwenye homa akitukutika au akipoteza fahamu, apelekwe zahanati saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.